Shauri la Mzee Kondo Aliyekataa Kuamka

Nchi yenyewe ipo, ila msinibane niitaje. Watu wake ni wapole, mvua yao hunyesha kwa wakati, na tangu sheria ya mbio ipitishwe hakuna mwananchi hata mmoja aliyefariki akikimbia. Redio yao husema hivyo kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa, na redio hiyo haijawahi kusema uongo, maana kusema uongo redioni ni kosa la jinai.

Sheria ilianza kwa nia njema, kama zinavyoanza sheria zote. Mtukufu, kiongozi wao, alipotimiza miaka hamsini alipanda ngazi za ikulu akahisi kifua kimembana. Daktari akamshauri akimbie kidogo alfajiri. Akakimbia, kifua kikafunguka, naye akaona si haki mkubwa apone peke yake. Ikaamriwa kwamba kila aliyevuka arobaini akimbie kuuzunguka mji kila alfajiri, kwa safu, jirani kwa jirani, mke na mumewe. Yakafuata na mengine ya afya. Kitunguu saumu kibichi kitafunwe bila kukunja uso. Maji ya shubiri yanywewe kwa kusimama mguu mmoja. Kwenda msalani iwe kinyumenyume, kwa faida ya mgongo. Viti vyote vilikusanywa vikachomwa moto mbele ya mabalozi, na neno "nimechoka" likafutwa katika vitabu vya shule. Mtu akizidiwa alitakiwa aseme misuli yake inatafakari.

Mtukufu mwenyewe, magoti yalipovimba, aliongoza mbio akiwa amesimama ndani ya gari la wazi, akirusha mikono mbele na nyuma. Wananchi walikubaliana kwamba mikono ile ina kasi ya ajabu.

Mwaka wa kwanza wa sheria ulipotimia, Mtukufu aliwaambia wageni wa ng'ambo: "Kwetu sisi, anayekimbia hafi." Wageni wakapiga makofi. Bahati mbaya ni kwamba wiki ileile wakimbiaji walikuwa wameanza kuanguka, hasa wenye presha na wenye vitambi, na neno la mkubwa haliwezi kuanguka pamoja nao. Wizara ya Pumzi ikakutana, ikatoa ufafanuzi: walioanguka hawakufa. Wamesimamisha pumzi kwa muda ili misuli ijijenge. Wakalazwa katika ghala la zamani la samaki kando ya uwanja, mahali penye baridi ya kutosha, nalo likapakwa chokaa na kuitwa Banda la Mapumziko ya Misuli.

Mzee Kondo aliingia humo mwanzoni mwa kipupwe.

Alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye utani mwingi na mguu wa kushoto mzito tangu utotoni. Mguu huo haukuinuka vizuri. Ulijikokota, ukiburuza raba chini. Hata hivyo hakukosa mbio hata siku moja. Baba yake aliitwa mvivu na mtaa mzima mpaka akaingia kaburini na jina hilo, na Kondo aliapa tangu akiwa kijana kwamba neno lile halitavuka tena kizingiti cha nyumba yake. Ndiyo maana alipoanza kuhisi kifua kikimbana hakumwambia mtu, hata mkewe, Bi. Siwema, aliyekuwa akikimbia naye bega kwa bega.

Walikuwa wamefika kwenye mashine ya kusaga, ukungu umetanda, aliposema taratibu, "Mama Zena, hebu nishike." Akamshika. Kondo akapiga magoti kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, akaegemea tumbo la mkewe, akawa amekwisha.

Siwema alipiga ukelele. Kiongozi wa safu, Bwana Limbanga, akapuliza filimbi, akaamuru watu wasonge na nafasi ya Kondo iachwe wazi, kwa kuwa safu haivunjwi. Kisha akamwinamia mjane yule na kumwambia, kwa upole wa mtu aliyekariri, kwamba kumlilia mtu mwenye afya ni kumchuria.

Basi hakukuwa na sanda wala kaburi. Hakukuwa na matanga, na Siwema hakukaa eda, kwani mke wa mkimbiaji hakai eda. Jioni majirani walikuja wakakaa kwenye mkeka na kumpa hongera kwa mumewe kufikia daraja la mapumziko. Midomo ilisema hongera, macho yalisema pole. Siwema aliwapa kahawa, akasema ahsanteni, na kilio kikamkaa kooni kama tonge lisilopita.

Kila Ijumaa wake na waume wa waliolazwa waliitwa bandani kuwachua miguu, kwani mkimbiaji asipochuliwa hukakamaa. Ilikuwa amri ya Wizara, na mafuta ya nyonyo yalitolewa bure. Wakimbiaji walilazwa juu ya chanja zilezile zilizobeba samaki zamani, na harufu ya samaki haikuwa imekubali kuhama. Muuguzi alipita katikati akisifu: huyu ametulia kuliko juzi, yule ngozi yake imekuwa laini. Siwema alimchua mumewe mpaka viganja vyake vikawaka moto, na moto ule haukwenda popote. Miguu ya Kondo ilibaki baridi vilevile.

Siku ya kwanza alimwosha nyayo kwa maji ya uvuguvugu na kuzipangusa kwa upande wa kanga yake. Aliporudi Ijumaa iliyofuata alizikuta zina vumbi jekundu. Vumbi lile analijua kila mtu mjini. Ni la barabara ya mbio, na haliko kwingine. Akaliosha. Ijumaa iliyofuata vumbi lilikuwa limerudi, na kisigino cha kushoto kilikuwa na lengelenge.

Akamwita muuguzi amwonyeshe. Muuguzi akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hayo ndiyo maendeleo.

Hapo ndipo Siwema alipokubali kwamba anachokisikia alfajiri si mawazo yake. Kwa maana tangu siku ya pili ile nafasi iliyoachwa wazi kando yake haikuwa kimya. Raba ya kulia ilikanyaga, ya kushoto ikaburuza. Aliisikia ndani ya ukungu, sambamba na hatua zake, ikipunguza alipopunguza. Wote katika safu waliisikia, na wote waliangalia mbele. Bi. Mafunda wa nyumba ya pili, ambaye mumewe pia alikuwa bandani, alikimbia akiwa amefumba macho. Na si kwao tu. Safu zote za mji zilikuwa na mapengo kama meno ya mzee, na bado kishindo cha asubuhi kilikuwa kikubwa kuliko zamani. Wizara ilipima kishindo hicho kwa chombo maalumu, ikatangaza kwamba ari ya wananchi inapanda.

Baadaye ukaongezeka mpumuo. Mwanzoni ulikuwa wa mtu anayekimbia kawaida, kisha ukawa wa mtu anayevuta hewa kwa shida, kwa mkwaruzo, kama alivyokuwa akivuta asubuhi ile kwenye mashine ya kusaga. Siwema alikuwa amelala na mwanamume huyo miaka thelathini. Alizijua pumzi zake zote. Hii ilikuwa ya mtu anayeomba kupumzika.

Asubuhi moja alibaki nyuma kidogo ya wenzake, akaligeukia lile pengo. "Baba Zena," akanong'ona, "keti. Inatosha."

Hatua zikasimama. Mpumuo ukatulia kidogo, na kwa muda wa kufumba na kufumbua Siwema alihisi uzito wa mtu ukimwegemea begani. Ndipo Limbanga alipopuliza filimbi, akafoka akiuliza ni nani huyo mvivu anayechelewesha safu. Uzito ukaondoka mara moja. Raba ikaburuza kwa haraka, kwa pupa, ikikimbilia mahali pake, na Siwema akabaki barabarani amejiziba mdomo kwa kanga. Alimwonea mumewe huruma kuliko siku aliyokufa. Mtu yule alikuwa anakimbia kwa kuogopa neno moja tu, na hapakuwa na mtu hai wala mfu wa kumwambia aache.

Akaenda Wizarani.

Katibu wa Wizara alimpokea akiwa amening'inia kwenye bomba la kunyooshea uti wa mgongo, miguu ikielea juu ya jamvi, na alibaki hapo mazungumzo yote. Siwema alisema amekuja kuomba kibali cha kumzika mume wake. Katibu alishangaa, akauliza ni ugonjwa gani unaomfanya mama wa heshima atake kumfukia mtu anayefanya vizuri kiasi kile, ambaye hata Wizara ilifikiria kumpa nishani. Akaeleza kwa kirefu, akizungukazunguka kwenye bomba lake. Mkimbiaji hazikwi, kwa sababu yumo mbioni. Kifo kingemkuta wapi, wakati hasimami? Wizara inasimamia walio mbioni peke yao. Anayetoka mbioni kwa hiari yake ni mtoro na mvivu, na hao Wizara haiwatambui, ni wa mahakama.

"Na mahakama ikimtia hatiani?" Siwema akauliza.

"Mbio hazimjui tena," Katibu akasema. "Chukueni, tupeni, fukieni, shauri yenu."

Siwema alirudi nyumbani polepole. Dawa aliyokuwa akiitafuta alikuwa ameipata, na ilikuwa chungu kuliko shubiri. Ilimbidi asimame mbele ya watu amwite Kondo kwa lile neno. Bi. Mafunda alipoambiwa alimshika mikono, akamwuliza kama kweli atampaka mumewe tope ambalo hata akhera halioshiki, mtu aliyeukokota mguu ule maisha yake yote ili asiitwe hivyo. Siwema alikaa siku kadhaa bila kula sawasawa. Kilichomwamua ni kisigino. Ijumaa ile alipoinua mguu wa Kondo, lengelenge lilikuwa limepasuka na nyama ilikuwa nje.

Mahakama ya Mbio haikuwa na viti. Hakimu alihukumu huku akikimbia palepale aliposimama, joho likimpiga mapajani, na mawakili, mashahidi na wasikilizaji wote walirukaruka naye kwa heshima. Jengo lilitikisika. Mshtakiwa hakuwepo, jambo ambalo Hakimu alilitaja mapema kuwa dalili mbaya.

Siwema aliulizwa mshtakiwa ni nani wake, akasema mumewe. Akaulizwa anamshtaki kwa lipi. Akafungua kinywa, na neno halikutoka. Ilibidi alivute kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani.

"Kwa uvivu," akasema. "Mume wangu ni mvivu."

Kurukaruka kwa watu wa mtaani kukapungua. Hakimu akataka maelezo. Siwema akaeleza kwamba kule kwenye mashine ya kusaga kuna jiwe pana, na mumewe alikuwa na desturi ya kujichomoa kwenye safu na kuketi juu yake. Alikuwa na mandazi mfukoni. Alikuwa akila polepole, akiangalia jua linavyopanda, na mke akimpita alimwita aje akae, akimwambia mbio zipo tu. Nyumbani alilala mchana, na feni juu yake. Alikunywa chai ya maziwa yenye sukari. Jumapili hakuamka mpaka saa nne. Yote hayo yalikuwa uongo, na kila uongo aliousema ulikuwa jambo alilotamani mumewe angelifanya hata mara moja, na kadiri alivyozidi kusema ndivyo machozi yalivyozidi kumtoka. Karani wa mahakama aliandika kwamba shahidi amelia kwa aibu.

Bwana Limbanga akaitwa kwa upande wa serikali. Akaapa kwamba Kondo hajakosa mbio hata alfajiri moja. Yeye mwenyewe husikia mguu wake ukiburuza. Alisema hivyo akiwa amekodolea macho sakafu, na jasho alilokuwa nalo lilizidi la mtu aliyeruka kiasi kile.

Hakimu akajikuta ana ushahidi wa namna mbili. Alitafakari, yeye na misuli yake, kisha akatoa uamuzi ambao wanasheria wa nchi ile wanausifu mpaka leo: mahakama ihamie bandani, mshtakiwa aamriwe kuamka na kukimbia. Akiamka, mke ni mwongo. Akikataa, ni mvivu.

Wakaenda mbio, mahakama nzima, wakajipanga mbele ya chanja. Siwema alisimama upande wa miguu, mahali pake pa kila Ijumaa. Ndani mle joho la Hakimu lilitoa mvuke. Maji yalidondoka mahali fulani kwenye kona. Hakuna aliyetaka kusogea karibu na chanja za pembeni.

"Kondo fundi cherehani," Hakimu akatamka, "kwa jina la Mtukufu, inuka ukimbie."

Kimya. Hakimu akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na kimya kikawa kilekile. Muuguzi alianza kubanabana vidole. Hakimu akavuta pumzi kwa mara ya mwisho, akaita kwa ukali, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupamba maneno, akaongeza: "Inuka, ewe mvivu!"

Siwema akauona mguu wa kushoto ukitikisika.

Ulikuwa mtikisiko mdogo, wa kidole gumba tu, kisha kisigino kikaanza kuburuza juu ya ubao. Kondo hakuwahi kulivumilia neno lile. Siwema aliweka kiganja chake juu ya unyayo, mahali palipochubuka, akaukandamiza kwenye chanja kwa nguvu zake zote, huku uso wake ukiwa umemwelekea Hakimu kwa adabu. Mguu ukamsukuma. Akainama kana kwamba anarekebisha kanga, akasema chini ya pumzi, "Tulia, mume wangu. Waache waseme. Mimi ninakujua." Mguu ukasukuma tena, kwa udhaifu, kisha ukalegea. Ulilegea taratibu, kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye goti, kama watoto wanavyolegea usingizi ukiwachukua mkononi mwako.

"Amenikaidi," Hakimu akasema.

Hukumu ilitolewa pale pale. Kondo aliondolewa katika mbio za taifa, nafasi yake ikafungwa, na nishani aliyokuwa hajapewa ikafutwa. Afukiwe nje ya ukuta wa uwanja. Na kwa mujibu wa kanuni, wakazi wote wa mtaa wake wahudhurie wamzomee, kila mmoja kwa zamu, ili iwe fundisho. Bwana Limbanga aliteuliwa kusimamia zoezi la kuzomea.

Basi mtaa mzima ulitoka. Nchi ile ilikuwa na miaka mingi haijaona watu wamekusanyika kandokando ya shimo, na hawakujua wasimame vipi. Kondo alishushwa akiwa amevishwa shuka nyeupe ambayo Siwema aliishona kwa cherehani ya marehemu. Limbanga akasoma amri, akasema mzomeaji wa kwanza apite mbele.

Alipita Bi. Mafunda. Akachukua udongo mkononi, akausogelea ukingo wa shimo.

"Mvivu wewe," akasema. "Umenishonea sare za watoto kwa mkopo, ukasahau kunidai. Mvivu mkubwa wewe." Akautupa udongo.

Akafuata muuza maji, akasema mvivu huyu alimpokea mzigo siku alipoteleza na ndoo zake. Akafuata mwingine, na mwingine. Walimtukana kwa mema yake yote, mmoja baada ya mwingine, wakilia waziwazi kwa mara ya kwanza tangu sheria ipitishwe, na waliokuwa na watu wao bandani walilia zaidi. Ofisa wa Wizara aliyekuja kukagua alifurahi. Alisema hajapata kuona wananchi wanaouchukia uvivu kiasi cha kutoa machozi, akaondoka kwenda kuripoti.

Siwema alikuwa wa mwisho. Alipiga magoti kama mumewe alivyopiga, akausawazisha udongo kwa viganja. "Lala basi, mvivu wangu," akasema, na kile kilio kilichomkaa kooni kikatoka chote, wala hakuna aliyemwambia anamchuria mtu.

Watu walipoanza kutawanyika, Bwana Limbanga alibaki. Alizunguka kaburi mara moja, akajifanya anakagua, akaja kusimama karibu na Siwema. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, na kwa karibu Siwema aliona jinsi alivyoushikilia mkono wa kushoto kwa wa kulia, na midomo yake ilivyokuwa na rangi ya majivu.

"Mama Zena," akasema, "mimi mke alinikimbia zamani. Sina mtoto, sina ndugu hapa mjini."

Siwema alikuwa anaikumbuka filimbi.

"Hapa kifuani pananibana tangu juzi," Limbanga akaendelea. "Siku yangu ikifika, utakuja kunishtaki?"

Siwema aligeuza uso kuelekea uwanjani. Nyuma ya ukuta, ndani ya uwanja mtupu, miguu mingi ilikuwa ikipita.

"Nitakuja," akasema. "Nitakuita mvivu mbele ya watu wote."

Limbanga akamshukuru, akajipangusa uso, akaenda kupanga safu za kesho.